Muziki wa kufungulia mechi: wa Champions League, matarumbeta ya Wamarekani au ngoma zetu? Uchague upi

Wadau wa Mwanza habari zenu. Ndani ya mwezi mmoja nimeulizwa swali lilelile na watu watatu. Wa kwanza ni katibu wa ndondo, mashindano ya mpira ya mtaani, huku Igoma, ana timu nane na zawadi ni ng'ombe, wa pili kaka mmoja mwenye kibanda umiza cha kuonyeshea mpira Igogo, wa tatu vijana wa kikapu wanaocheza pale Mirongo. Wote wanataka kujua timu zikiingia wapige muziki gani, ule wa kwenye tivii, ule ambao ukiusikia hata kama uko uani unaosha vyombo unajua kabisa kwamba mechi inaanza. Mi kazi yangu ni mitambo, nafunga spika kwenye harusi, mikutano ya injili, misiba na viwanjani, sasa ni mwaka wa kumi na moja, kwahiyo badala ya kumjibu kila mtu kivyake naandika yote kwa pamoja, kila mmoja achukue kinachomfaa.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Muziki wa kufungulia kazi yake ni kuita watu. Sisi Watanzania tunalijua hili kuliko tunavyodhani, maana tumekulia kwenye zile ngoma za mzee Morris Nyunyusa, yule mpiga ngoma asiyeona wa Dodoma, zilizokuwa zinalia Radio Tanzania kabla ya taarifa ya habari. Haziimbi neno hata moja, ila zikilia tu mtoto anaambiwa nyamaza, babu anasogeza kiti karibu na redio, na aliyekuwa anapepeta mchele anashusha ungo. Ndani ya sekunde tatu nyumba nzima imeshajua. Basi na mimi muziki wowote wa michezo naupima kwa kipimo hicho, sekunde zake tano za kwanza zinaita au haziiti, afu nauliza utapita kwenye spika gani, na watu watakuwa wanafanya nini wakati unalia, wamesimama, wanatembea au wanakimbia. Uzuri wa kuusikilizia kwenye hedifoni chumbani ni habari nyingine kabisa, na wengi wanakosea hapo, wanachagua kwa hedifoni afu wanakuja kupigia kwenye spika mbili za honi za bati uwanjani.

Tuanze na wa Champions League maana ndio kila mtu anaanza nao. Ulitungwa 1992 na Mwingereza anaitwa Tony Britten, kipindi kilekile ambacho Kombe la Mabingwa wa Ulaya lilibadilishwa jina na kuwa Champions League, UEFA wakataka kitu kizito cha kulitambulisha. Yeye akauegemeza kwenye kazi ya Handel iitwayo Zadok the Priest, iliyotungwa 1727 kwa ajili ya kutawazwa mfalme George wa Pili wa Uingereza na mpaka leo inaimbwa mfalme akitawazwa, hata Charles mwaka 2023 aliimbiwa hiyohiyo. Na huyu Handel ni yuleyule wa Haleluya Kuu ambayo kwaya zetu zinaimba Krismasi na Pasaka, kwahiyo mtu wa Mwanza aliyelelewa kwenye kwaya ule muziki haumpi taabu hata kidogo, vayolini zinapanda ngazi taratibu, zinapanda, zinapanda, afu kwaya nzima inaingia kwa mpigo mmoja. Maneno yako kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa na ni sifa tupu, mabingwa, walio bora, timu kubwa, basi, wala huhitaji kuelewa. Kinachokushika ni ile ngazi, unajua kuna kitu kinakuja na bado hakijaja.

Nenda kibanda umiza usiku wa Champions uone. Kule Igogo mechi nyingi zinaanza saa nne usiku, Ulaya wakishaingia kwenye baridi wanarudisha saa zao nyuma na huku inakuwa saa tano, mvuvi aliyepanga kuingia ziwani alfajiri anajua kabisa halali vizuri ila yupo kwenye benchi. Watu wanabishana bei ya sangara, wanabishana kuhusu kocha, yule muuza kahawa anapita katikati anagonganisha vikombe vyake, kle kle kle kle, ndio tangazo lake la biashara. Halafu zile vayolini zinaanza. Nimeangalia hili zaidi ya mara moja kwa makusudi, yule mzee wa kahawa anaacha kugonga. Hakuna aliyemwambia, anasimama na vikombe vimetulia mkononi mpaka kwaya imalize, kamera inapita kwenye sura za wachezaji mmojammoja, afu refa akishika filimbi vikombe vinaanza tena. Sijaona muziki mwingine wa michezo unaoweza kufanya hivyo, kwahiyo kwa upande wa kibanda umiza huu ni namba moja na sitaki ubishi. Ila angalia, hapo wewe mwenye kibanda huchagui chochote, unakuja na matangazo yenyewe. Kazi yako ni kutoubania sauti. Kuna watu muziki ukilia wao wanaweka redio au tangazo la juisi hadi mpira uanze, jamani wateja wamelipa mia tano yao na ule muziki umo ndani ya hiyo mia tano!

Sasa chukua huohuo upeleke uwanjani, ndio utaona mambo mengine. Mwaka juzi nilifunga mitambo nusu fainali ya ndondo, kiwanja kiko karibu na ziwa, saa kumi jioni, na kila mtu anayekaa mwambao huu anajua saa kumi upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu na unakuja na nguvu. Nilikuwa na besi mbili za inchi kumi na tano na honi mbili juu ya mlingoti, nimezielekeza ziwani maana ndiko watu walikokaa. Waandaaji wakasema weka wa Champions. Nikaweka, vayolini zikaanza na hakuna aliyesikia, sauti ile ndogo ikikutana na upepo wa mbele inanyanyuka inapita juu ya vichwa vya watu, wachezaji wamepanga mstari wanaangaliana, katibu ananipungia mkono nipandishe, nikapandisha, akapunga tena, nikapandisha tena. Afu kwaya ikaingia. Ule mpando nilioufanya kwa ajili ya vayolini kwaya ikaupokea wote kwa mkupuo na draiva ya honi moja, kile kifaa cha ndani kinachotoa sauti, ikakata palepale, ikabaki inakoroma kama bati lililolegea, mechi nzima nikatangaza na honi moja. Draiva ni pesa, na ile siku malipo yangu yote yaliishia kwenye draiva.

Kwahiyo funzo la mitambo ni hili, muziki unaoanza chini sana na kupanda juu sana unataka ukumbi wenye kuta, au uwanja mkubwa wenye spika nyingi zilizogawanywa pande zote. Kiwanja cha mtaa hakina kuta. Kama lazima uupige basi kata kipande, anzia sekunde chache kabla kwaya haijaingia, weka sauti ya kwaya kwanza wakati wa majaribio afu usiguse tena, na spika ziupe upepo mgongo hata kama itabidi watu wahamishwe upande. Ukiupiga mzima ni kama dakika tatu na timu ya mtaa kutoka chini ya mwembe hadi katikati ya uwanja haimalizi dakika moja, nimehesabu, watabaki wamesimama na jua linawachoma huku kwaya inaendelea.

Wa FIFA wenyewe ule uliozoeleka timu zikiingia Kombe la Dunia ulitungwa na Mjerumani Franz Lambert, mpiga kinanda, na ulianza kusikika Kombe la Dunia la Marekani 1994. Ni wa kutembea, una mwendo wa hatua, na tangu mwanzo mpaka mwisho sauti yake haitofautiani sana kwahiyo spika haipati taabu. Ukitaka timu ziingie kwa heshima na huna mitambo mikubwa huu ni salama kuliko wa Champions. Ubaya wake haukai kichwani, waulize watu kumi wauimbe hapohapo uone ni wangapi wataweza.

Sasa twende kwenye matarumbeta, hapa ndipo napapenda. Waingereza wana kipindi cha BBC kinaitwa Match of the Day, kilianza 1964, na muziki wake wa sasa uliingia 1970, mtunzi ni Barry Stoller. Sisi huku kipindi chenyewe hatujakikulia ila ule muziki wengi wameshausikia kwenye vipande vya mtandaoni, unaanza na tarumbeta moja kwa moja, hauombi ruhusa. Wamarekani nao kwa ule mpira wao wa kubeba mkononi wana miwili mikubwa, wa Monday Night Football unaoitwa Heavy Action, kautunga Mwingereza Johnny Pearson na zile noti za kwanza zinashuka kama mtu anabisha mlango kwa ngumi, na wa televisheni ya Fox ulioingia 1994 wa Scott Schreer, huo una ngoma na mabesi ya jeshi. Unaweza ukasema mpira wao hatuujui utatuhusu nini, lakini funga macho usikilize, hayo ni matarumbeta ya harusi! Ni sauti ileile inayomtoa bibi harusi saluni Kirumba na msafara wa bodaboda mbele, watu wanatoka madukani kuchungulia. Sikio la mtu wa Mwanza limeshafundishwa kwamba tarumbeta likilia kuna jambo, toka nje.

Na kimitambo ndio kabisa. Honi za bati haziwezi besi na haziwezi vayolini laini, ila sauti ya katikati, sauti ya mtu anayeita na sauti ya tarumbeta, zinaitoa safi na kuifikisha mbali, ndio maana hata msikitini na kwenye gari la matangazo wanatumia hizohizo. Kwahiyo ukilinganisha wa Champions na wa Match of the Day kwa honi mbili na jenereta moja, wa Champions unapoteza nusu yake na huu wa pili unafika wote. Mi kwa ndondo yenye vifaa vya kawaida ningechagua wa matarumbeta mbele ya wa kwaya mara tisa katika kumi, ile moja nitaisema baadaye.

Vijana wa kikapu, jibu lenu liko wazi na sioni cha kulinganisha sana. Unaitwa Roundball Rock, mtunzi John Tesh, Marekani, ulitumika kwenye matangazo ya NBA ya NBC kuanzia 1990 hadi 2002, NBC ya televisheni ya kule, sio benki yetu inayodhamini Ligi Kuu, na ulirudi hewani 2025 NBC walipopata tena haki za NBA. Huyu Tesh wakati melodi inamjia alikuwa Ufaransa kutangaza mbio za baiskeli za Tour de France, yuko hotelini usiku, hana kinanda wala karatasi, akapiga simu nyumbani kwake mwenyewe na kuuimba kwenye mashine ya kupokelea ujumbe ili asiusahau. Ukiujua huo mkasa unaelewa kwanini unashikika haraka hivyo, kitu kilichotungwa kwa mdomo hata mtoto anaweza kukirudia kwa mdomo. Na mwendo wake unaendana na mpira unaodundwa. Nimewahi kuupiga wakati watu wanapasha misuli, bila kuambiana nusu ya vijana wakawa wanadunda mpira juu ya mdundo uleule, sakafu ya saruji, mipira sita saba inagonga pamoja, ngozi ilinisisimka. Uwanja wa kikapu ni mdogo na watu wako karibu kwahiyo hata spika moja ya kubebwa inatosha. Chukueni huo, msitafute mwingine.

Kuna aliyeniuliza pia kuhusu mbio, mitumbwi na boti za injini, wakati wa sikukuu huwa kuna watu wanaandaa. Huko usipeleke muziki wa mpira. Angalia Formula 1, zile mbio za magari, BBC walitumia tangu 1978 kile kipande cha mwishoni cha The Chain, wimbo wa Fleetwood Mac wa 1977, ambapo kila kitu kinanyamaza linabaki gitaa la besi peke yake linatembea, afu ndio vingine vinalipuka. Lile besi ni injini inayosubiri taa. Siku hizi F1 wenyewe wana wa kwao wa Brian Tyler tangu 2018, wa okestra, mkubwa, unafanana na muziki wa sinema. Nikiulinganisha na lile besi, kwa mbio nachagua besi, lakini tatizo ni lilelile, besi haipiti kwenye honi, unahitaji boksi za besi kabisa na uziweke chini kwenye ardhi ngumu, ukiziweka juu ya mchanga mkavu wa ufukweni zinazama kidogo na mdundo unalegea. Kama una honi tu, wa Tyler utakufaa zaidi. Na kwenye maji sauti inasafiri mbali jioni upepo ukitulia, wapiga kasia watausikia vizuri tu.

Sasa nyimbo zenye maneno. Waandaaji wengi wanasema tupige Waka Waka ya Shakira na Freshlyground ya 2010, au Akwaba ya Magic System, Yemi Alade na Mohamed Ramadan iliyokuwa ya AFCON ya Ivory Coast. Nazipenda zote, na Waka Waka kiitikio chake asili yake ni Zangalewa ya Wakameruni Golden Sounds, 1986, wazazi wetu waliicheza kabla hata ya huyo Shakira. Ila hizo ni za mapumziko na za baada ya mechi. Ukizipiga timu zinapoingia watu wanaanza kucheza, macho yanatoka uwanjani, wachezaji wanaingia na hakuna anayewaona. Muziki usio na maneno unamwachia mtangazaji nafasi ya kutaja majina, wenye maneno unagombana naye. Nimetangaza juu ya Waka Waka, mtu hakusikii wewe wala hamsikii Shakira.

Kuna hili la umiliki nataka lieleweke, maana watu wanalichukulia poa. Kila muziki niliotaja una mwenyewe. Kanada walikuwa na muziki wa magongo ya barafuni, wa kipindi cha Hockey Night in Canada, alioutunga mama mmoja anaitwa Dolores Claman mwaka 1968, Wakanada walikuwa wanauita wimbo wao wa taifa wa pili. Mwaka 2008 CBC, televisheni iliyokuwa inakirusha kipindi, wakashindwa kuelewana na wenye muziki kuhusu haki, televisheni nyingine ya CTV wakaununua, na wale waliousikia kila Jumamosi tangu utoto wakawasha tivii wakakuta muziki mwingine. Miaka arobaini, halafu basi. Kwa wewe wa ndondo, kupiga kazi ya mtu hadharani kuna utaratibu wake na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo, waulize kabla. Na kama unarusha mechi laivu mtandaoni jua kwamba mitambo ya yale majukwaa inautambua ule muziki ndani ya sekunde chache, wanakukatia sauti au wanafunga laivu yenyewe, katikati ya mechi, na watu wa kijijini waliokuwa wanamwangalia mtoto wao anacheza wanabaki na kioo cheusi.

Na hapo ndipo nafika kwenye kile ninachotaka kukisema tangu mwanzo. Sisi watu wa huku tuna muziki wetu wa kushindania, wa zamani kuliko huo wote wa tivii. Wasukuma wana Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana tangu enzi za mababu, wanacheza kwa wakati mmoja kiwanja kimoja, kila upande unavuta watu, na anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Kila mwaka mwezi wa sita wakati wa Bulabo pale Bujora, Kisesa, unaweza kwenda kuona kwa macho yako. Huo ni mchezo ambao muziki ndio mpira wenyewe! Halafu kuna bugobogobo, ngoma ya majembe, iliyotokana na watu kulima kwa pamoja, ngoma inalia majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja ili mtu asichoke peke yake. Mwendo wake ni wa watu wanaokwenda kazini. Timu inayoingia uwanjani inakwenda wapi kama si kazini?

Niliujaribu mwaka huu kwenye ufunguzi wa ligi moja ndogo, sio kwa flashi, kwa ngoma zenyewe, mzee mmoja na wajukuu zake wawili. Kiwanja kilekile karibu na ziwa, upepo uleule. Niliweka maiki moja tu karibu na ngoma ndogo, ile kubwa sikuiwekea chochote, ilifika yenyewe. Timu ya kwanza ilipotoka mzee akabadilisha mkono, akapunguza kidogo mwendo, nikaona anaangalia miguu ya wachezaji, anapiga kwa hatua zao! Muziki wa flashi hauwezi kufanya hivyo hata siku moja, wenyewe unakwenda unavyokwenda, wachezaji wakichelewa umewaacha. Huyu alipoona golikipa amerudi kuchukua glovu alizungusha palepale mpaka kijana akarudi kwenye mstari ndio akapandisha. Akina mama wa dagaa waliokuwa wanapita na beseni walisimama, mmoja akapiga vigelegele, na wachezaji ambao siku nyingine walikuwa wanaingia huku wanavuta soksi waliingia vifua viko mbele.

Baada ya mechi nikamwendea, nikamwambia shikamoo mzee, wabeja sana, ndio asante kwa Kisukuma. Akasema marahaba mwanangu, mlikuwa mnapiga nini siku zote? Nikamwambia wa Ulaya. Akatikisa kichwa akasema huo naujua, kwa mjukuu wangu kwenye simu, mzuri, lakini hao wanamwita mfalme, sisi hapa tunawaita watu.

Kwahiyo katibu wangu wa Igoma, mechi zote za kabla ya fainali piga wa matarumbeta, wa Match of the Day ukipata ruhusa yake, sekunde arobaini tu, flashi iwe na hiyo faili peke yake na simu usiitumie, ukilazimika iweke kwenye hali ya ndege maana nimeshaona mlio wa meseji unalia kwenye honi katikati ya dakika moja ya kumkumbuka marehemu. Fainali ndio ile moja kati ya kumi, ukileta jukwaa na boksi nne na ukafunga uwanja upande wa ziwani kwa maturubai, wa Champions unaweza kupiga na watu watasimama, kuanzia pale karibu na kwaya. Ila ukiniuliza mimi, fainali weka ngoma. Gharama ni nauli ya watu watatu, chakula na chochote cha kuwashukuru, rahisi kuliko draiva moja ya honi, na laivu yako hakuna wa kuizima. Ng'ombe wa zawadi anaingia uwanjani na vayolini? Mwingize na bugobogobo.

Mzee nimeshaongea naye, amekubali. Anaomba aje mapema, saa tatu asubuhi, maana unyevu wa ziwa usiku unalegeza ngozi na lazima azioteshe moto kabla ya kupiga. Mtafutie majani makavu na kuni kidogo, na moto uwashwe upande wa goli la barabarani, mbali na nyaya zangu.